Je, wajua kwa nini mpira unasogea na wewe hujaandika popote "chora"?

Kama umewahi kucheza na Web VPython, ile ya kuandika programu za Python zenye michoro ya 3D humohumo ndani ya brauza, hiki kitu lazima kilikushangaza. Unaandika mpira = sphere(pos=vector(-5,0,0)), mpira huo kwenye skrini, halafu unaandika mpira.pos.x = 5 na tayari umehamia upande wa pili. Hujafuta kitu, hujachora upya, umebadilisha namba tu. Sasa nani kauhamisha?

Iko hivi. Kanvasi ya kawaida ya brauza ni kama ubao wa chaki, ukitaka duara lisogee unafuta unachora tena, ubao haukumbuki chochote. VPython yenyewe inatunza daftari: mpira uko hapa, rangi hii, ukubwa huu. Wewe unasahihisha daftari tu, na kila skrini inapojichora, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, linasomwa upya na WebGL (kile kifaa cha brauza cha kuchora 3D) inachora vitu kama vilivyo muda huo. Ndo maana hata mpira.color = color.red inakubali palepale. Na ilikusudiwa hivyo, maana David Scherer alipoitengeneza VPython ya kwanza mwaka 2000, akiwa bado mwanafunzi pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilikuwa ya watu wa fizikia, wahangaike na mwendo wa mpira sio na kuchora.

Kasheshe iko kwenye lupu, yaani kodi inayojirudia:

while True:
    rate(100)
    mpira.pos.x = mpira.pos.x + 0.02

Hiyo rate(100) wengi wanaiona urembo wanaifuta, kumbe ndo inasema mizunguko isizidi 100 kwa sekunde (kwa hiyo toka -5 hadi 5 ni kama sekunde 5 hivi) na tena ndo inayoipa brauza nafasi ya kupumua, maana anayeendesha kodi yako na anayechora ni fundi huyohuyo mmoja, ukimbana na lupu isiyoisha hachori kitu na ukurasa unaganda.

Mimi kilichonila jioni nzima ni kingine kabisa. Niliandika x = mpira.pos.x, kwenye lupu nikawa naongeza x, naprinti naona namba zinapanda vizuri tu, mpira umekaa kimya. Kumbe x ni namba niliyoinakili pembeni, daftari sijaligusa! Nikaongeza mpira.pos.x = x, ukaondoka.

Afadhali hiyo kuliko kuweka sphere() ndani ya lupu, hapo hausogezi mpira, unazaa mipira mipya 100 kila sekunde mpaka feni ya laptop ianze kulia.