Bei ndogo haishindi zabuni peke yake

Juzi tena, kwenye benchi la kahawa pale Ngamiani, Tanga, kijana mwenye kampuni ya ujenzi kanishika mkono: "Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa wa chini kabisa, kazi kapewa wa tatu. Si mmeiuza hiyo?" Sikuwamo kwenye kamati iliyotathmini zabuni ile, lakini swali limeniuma. Wizi wa zabuni upo. Tunautafuta mahali usipo.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 haisemi mwenye bei ndogo apewe kazi. Kwenye ujenzi inatakiwa bei ya chini *iliyotathminiwa*. Kabla kamati haijagusa bei yako, inatazama leseni, usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na daraja lako kati ya yale saba, sahihi, tamko la dhamana. Ukikwama hapo umetoka. Kisha wataalamu, mitambo, kazi ulizokwisha kufanya. Haya mnayajua, nisirefushe.

Ninapotaka mnisikilize ni kwenye BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake. Enzi za makaratasi, mzabuni mmoja aliandika plasta mita za mraba 1,200 kwa shilingi 12,000, jumla akaweka 1,440,000. Jumla yake ni 14,400,000. Kanuni inasema reti, yaani bei ya kipimo kimoja, ndiyo inayotawala, isipokuwa pale inapoonekana wazi kuwa nukta ya desimali imekaa vibaya kwenye reti yenyewe. Alikuwa wa kwanza. Sifuri moja ikampeleka wa nne, akatuita wezi. Leo NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, inazidisha yenyewe, na makosa hayo yamepungua. Limebaki baya zaidi: reti zisizowezekana. Mtu anaweka mita moja ya ujazo ya zege la daraja la 25 kwa bei isiyotosha hata saruji yake, mifuko kama 7, na saruji inatengenezwa hapa hapa Tanga, bei yake kila mmoja anaijua! Halafu uchimbaji wa msingi anaupandisha mara tatu, ili avune mapema kwenye hati ya malipo ya kwanza. Jumla inapendeza macho. Mradi unafia kwenye lenta.

Bei ikiwa chini kupita kiasi, mzabuni anaandikiwa aeleze mchanganuo wake kabla ya kukataliwa. Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Mpaka uko wapi? Mwenye mashine zake za kuchanganya zege, tipa lake na machimbo yake ya mchanga anaweza kweli kujenga chini ya makadirio yangu, na makadirio yangu si msahafu. Niliwahi kuridhika na maelezo ya mkandarasi. Akaondoka saiti kuta zikiwa usawa wa madirisha, watoto wakaendelea kusomea chini ya mwembe. Niliwahi pia kumkataa mwingine, baadaye nikaona jengo alilosimamisha kwingine kwa reti zilezile. Nimelizunguka lote, sikuona kasoro. Mpaka leo sijui kama nilimtendea haki.

Yule kijana nilimuuliza kama amesoma sababu kwenye notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa kazi. Hajaifungua. Ana siku 5 za kazi za kupeleka malalamiko kwa afisa masuuli, mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, na asiporidhika iko Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Siku 3 zimeshakwenda. Nimemwambia aje jioni na BOQ yake, tuanzie kwenye zege.