Madonna si jina la mtu

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwenye televisheni: mtangazaji anaonyesha picha ya kale ya Kiitaliano na kututambulisha kwa "Maria Madonna", kana kwamba Madonna ni jina la ukoo. Kabla ya hapo kuna mtu alikuwa ameniandikia "Mtakatifu Madonna". Nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Katika sanaa, Madonna ni picha au sanamu ya Bikira Maria, mara nyingi akiwa amempakata Mtoto Yesu, iliyotengenezwa ili watu wasali mbele yake, si kuwasimulia tukio. Malaika Gabrieli akishaingia na ujumbe wake, hiyo ni picha nyingine, yenye jina lake.

Tuje kwenye neno. Katika Kiitaliano cha kale, ma ni "wangu", na donna limetokana na domina la Kilatini, yaani mwanamke mwenye nyumba, mwenye kauli ndani ya domus, yaani nyumba. Madonna basi ni "bibi wangu". Wala halikuwa neno la kanisani tu. Katika karne ya 13 washairi wa Sicilia na Toscana waliwaita hivyo wanawake waliowapenda, na mke wa mtu mwenye heshima zake aliitwa hivyo hivyo mtaani. Likasemwa sana hadi likakatika: madonna, monna, mona. Naam, ndiyo Mona ya Mona Lisa. Yule ni Lisa Gherardini wa Firenze, mke wa Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri, na mona yake ni sawasawa na "Bi" ya Bi Kidude, ambayo nayo ni bibi iliyokatwa. Mona Lisa ni Bi Lisa, basi. Mswahili hahitaji kamusi kulielewa hili, ndiyo maana tukilikosea sisi linaniuma zaidi.

Tena Wakatoliki wetu wanayo tafsiri safi siku zote: Bibi Yetu. Wafaransa nao wana Notre Dame, na hiyo dame ni domina yule yule. Wao wamesema "wetu" pale Mwitaliano aliposema "wangu". Shida ni kwamba kijana wa leo akisikia bibi anamfikiria mama mzaa mama, mwenye mvi na mkongojo. Hapana. Huyu ni bibi wa "mabibi na mabwana".

(Mwimbaji wa Marekani? Yeye kweli ni Madonna kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la mama yake. Tumwache.)

Iko Madonna moja ya Duccio, mchoraji wa Siena, ya mwaka 1300 hivi au kabla kidogo. Rangi zake zilikorogwa kwa kiini cha yai, na nyuma ya mama na mwana ni dhahabu tupu. Ni ndogo, kama sentimita 28 kwa 21, ya kubebeka mkononi. Mtoto amenyoosha mkono anausogeza ushungi wa mama yake, apate kumwona uso. Mama anamtazama kwa huzuni. Makumbusho ya Metropolitan ya New York iliinunua mwaka 2004, kwa zaidi ya dola milioni 45 kama ilivyoripotiwa. Ila mimi hutazama fremu, ukingo wa chini, pale mbao zilipobabuka kwa moto wa mishumaa. Mtu alipiga magoti karibu kiasi hicho, akawasha, akasema na Bibi wake.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, hukukosea picha, umekosea kuita tu. Sema "Bikira Maria na Mtoto", au "Bibi Yetu", tutakuelewa. Ukitaka Kiitaliano chako, "Madonna ya Duccio" inatosha; hilo Maria la mbele liondoe, na utakatifu nao uuache kwa Maria mwenyewe.