Mfuko wa maji wenye mrija: yanayosemwa Moshi na yanayotokea mlimani

Kuanzia Juni, mvua za masika zikishakatika, maswali huwa yaleyale. Kijana anakwenda Mlima Meru kwa mara ya kwanza, dada amejiunga na kundi la kazini kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na wote wanauliza: ninunue ule mfuko wa maji wa kubeba mgongoni, wenye mrija wa kunyonyea, au nibebe chupa? Hapa Moshi wengi huuita CamelBak hata ukiwa umetengenezwa na kampuni nyingine. Mimi naupenda mfuko huu, nimepanda nao na nimezunguka nao kwa baiskeli mpaka TPC, kwenye mashamba ya miwa. Kwa hiyo inaniuma kuona mtu ameununua kwa kuamini mambo yasiyo ya kweli, halafu ukamwacha kwenye mataa usiku ule anaouhitaji kuliko siku zote.

“Hizo ni mbwembwe za watalii”

Mfuko huu ulizaliwa na shida, siyo urembo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Eidson, mhudumu wa ambulensi huko Texas, Marekani, alikuwa akishiriki mbio za baiskeli za Hotter'N Hell Hundred katika mji wa Wichita Falls, mahali ambapo joto la Agosti halina huruma. Alichukua mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi, akaufunga mgongoni na kuupitisha mrija begani. Kampuni ya CamelBak ilitokana na soksi ile.

Faida yake ni kwamba mikono inabaki huru. Ukiwa na fimbo mbili, au ukiupanda ukuta wa Barranco ambako lazima ushike jiwe kwa mikono, huwezi kuanza kufungua begi kutafuta chupa. Utajiambia “nitakunywa tukipumzika”, na saa mbili zitapita. Kwenye baridi kiu haisikiki sana, ilhali hewa kavu ya juu na kuhema kwa nguvu vinakukausha. Mrija ukiwa karibu na mdomo unakunywa funda moja moja, mara kwa mara, bila kusimamisha msafara.

“Ukiwa na mrija, chupa ya nini?”

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Safari yangu ya kwanza Kilimanjaro tuliondoka kambi ya Barafu, kama mita 4,670, kuelekea kileleni karibu na saa sita usiku. Nilikuwa na lita 2 mgongoni na sikubeba chupa hata moja. Saa mbili za kwanza nilikunywa vizuri. Kisha nikavuta, hakikuja kitu. Nikang'ata ncha ya mrija, nikasikia barafu ikikwaruza meno. Maji yalikuwepo, nikiyasikia yakicheza mgongoni, na sikuweza kuyafikia. Kuvua koti na begi kwenye upepo ule nilishindwa. Mwongozaji wetu alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye thamosi yake, na bado namshukuru.

Sababu yake ni rahisi. Mfuko umelala mgongoni, unapata joto la mwili, na maji yake ni mengi, kwa hiyo huchelewa kuganda. Mrija ni mwembamba, una maji kidogo, na umening'inia nje kwenye upepo. Huo ndio unaotangulia kuganda, hasa ile ncha ya kung'ata. Na usiku wa kilele joto huweza kushuka nyuzi 10 chini ya sifuri, au zaidi ya hapo.

Zipo njia za kuchelewesha tatizo. Kila ukimaliza kunywa, puliza hewa ndani ya mrija ili maji yaliyobaki yarudi kwenye mfuko. Mrija mtupu hauna cha kuganda. Upitishe mrija ndani ya koti badala ya juu ya mkanda wa begi. Nunua ala ya kuuvisha mrija, ile ya sponji. Anza safari na maji ya uvuguvugu, lakini siyo yaliyotoka jikoni yakichemka, maana mifuko mingi haikutengenezwa kwa joto hilo. Soma maelekezo ya mtengenezaji. Funda la maji ya moto kupitia mrija pia litakuunguza ulimi kabla hujajua.

Hata ukifanya yote hayo, beba chupa. Iwe ngumu, yenye mdomo mpana, ya lita 1, ijazwe maji ya moto, ivishwe soksi nzito na ilazwe kichwa chini ndani ya begi. Barafu huanza kutengenezeka juu ya maji, kwa hiyo chupa ikiwa imepinduliwa itaganda upande wa kitako na kifuniko kitafunguka. Mimi siku hizi usiku wa kilele nategemea chupa mbili, na mfuko nauhesabu kuwa nyongeza. Siku nyingine zote, kuanzia geti la Machame mpaka kambi ya Karanga, mfuko ndio unaotangulia.

Chupa hiyo isiwe ile nyembamba ya maji ya dukani, kwa sababu chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro.

“Ukinywa maji mengi, mlima haukupigi”

Hii naisikia hata kwa watu waliopanda mara nyingi, na ina hatari. Ugonjwa wa mwinuko unatokana na hewa nyembamba na kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Maji hayaleti oksijeni. Kinachochanganya watu ni kwamba anayekaukiwa maji huumwa kichwa na kuishiwa nguvu, na anayepigwa na mlima vilevile. Mmoja akinywa akapata nafuu, wote wanaamini dawa ni maji. Mwenzake aliyepigwa kweli na mlima anaendelea kunyweshwa wakati alichohitaji ni kuacha kupanda, na akizidiwa, kushushwa mara moja.

Kuzidisha nako kuna madhara yake. Ukinyonya mfululizo siku nzima bila kula vya chumvi, sodiamu kwenye damu hupungua, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na zile za mwinuko. Mrija unachangia, maana unakunywa bila kuona. Chupa unaitazama ukajua umemaliza nusu. Mfuko umefichwa mgongoni mpaka siku unapovuta ukapata hewa tupu.

Waongozaji wengi husema lita 3 mpaka 4 kwa siku ukihesabu chai na supu, nami naona ni kadirio zuri la kuanzia. Kipimo chako mwenyewe ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza, ukiwa mweupe kama maji kila saa, punguza kasi. Na kila mnapopumzika, utoe mfuko uutazame.

“Chukua wa lita 3, mkubwa ndio wa maana”

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Ukijaza mfuko wa lita 3 umebeba kilo 3 kabla hujaweka koti la mvua. Kwa maporomoko ya Materuni au matembezi ya msitu wa Rau, lita 1 na nusu inatosha kabisa. Kwa Meru na Kilimanjaro, mfuko wa lita 2 pamoja na chupa ya lita 1 umewafaa karibu watu wote niliotembea nao. Na anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon hahitaji mfuko mkubwa unaorukaruka mgongoni: fulana ya mbio yenye chupa laini mbili kifuani inamtosha, na maji yake anayaona.

Maji yakicheza ndani ya mfuko, ufunge, ugeuze juu chini, unyonye hewa yote kupitia mrija. Kelele zitakwisha.

“Maji ya juu ni safi, yanatoka kwenye barafu”

Yachemshe au yatie dawa. Kwenye kambi ya Barafu maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 85 tu, lakini vijidudu vya kuharisha hufa. Dawa za klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, hivyo zipe muda zaidi. Na kambi hiyo haina chemchemi: wagumu, yaani wapagazi, huyabeba maji kutoka bonde la Karanga. Usimwage hata kikombe.

“Suuza tu, inatosha”

Fungua mrija uliokaa miezi mitatu kabatini, uangalie ndani kwenye mwanga. Vile vidoa vyeusi ni ukungu. Juisi, soda na maji ya glukosi ndivyo vinavyoulisha, kwa hiyo kwenye mfuko mimi naweka maji matupu, vya sukari vinakwenda kwenye chupa. Ukirudi nyumbani, osha kwa maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya bekingi soda (siyo magadi ya makande), pitisha brashi nyembamba ndani ya mrija, kisha utundike ukiwa wazi mpaka ukauke. Wenye friza huuhifadhi humo, na ukungu haupati nafasi.

Hii ndiyo sababu pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, nitanunua begi la mtumba bila wasiwasi, lakini mfuko wenyewe nautafuta mpya. Kama ni wa kukodi, usiondoke dukani bila kuujaza maji. Niliwahi kupewa uliopasuka kwenye mshono, nikaligundua hilo kambini, slipingi begi ikiwa imelowa na jua limeshazama.

Hata mpya, ujaribu nyumbani siku mbili kabla. Ujaze, uufunge, uulaze juu ya gazeti, uweke kamusi nene juu yake, ukalale. Asubuhi gazeti likiwa kavu, panga begi.