Maziwa hayatoshi, mara sijui machafu: tunayoambiwa kwenye arobaini na ukweli wake

Siku ya tatu baada ya kujifungua, saa tisa usiku, niko kitandani khanga imelowa jasho, mtoto analia hanyamazi, shangazi kasimama mlangoni na kikombe cha maji ya glukosi na kijiko, ananiambia mwanangu huyu mtoto ana njaa, wewe huna maziwa. Shangazi namshukuru mpaka leo, alinikanda, alinipikia mtori, hakuchoka hata siku moja, ila kwa hilo alikosea na naona wamama wengi bado wanaambiwa hivyohivyo.

DHANA: Maziwa ya kwanza yale ya njano ni machafu, kamua umwage.

Hapana jamani. Ile ni dang'a, na ina kinga ambayo mtoto hataipata kwenye kopo lolote la maziwa, pia inamsaidia kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo. Inatoka kidogo kwa sababu mtoto wa siku moja anahitaji kidogo, kila akinyonya ni kama kijiko cha chai tu, mililita 5 hadi 7. Mweke kwenye titi ndani ya saa 1 ya kwanza, hata aliyejifungua kwa operesheni anaweza kama yuko macho na hali yake nzuri, mwombe nesi akusaidie kumshika.

DHANA: Analia sana, basi maziwa hayatoshi.

Hii ndo inayowaachisha wengi kunyonyesha kwa hiyo naomba nikae nayo kidogo. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na jioni wengi wananyonya mfululizo, anaachia, dakika kumi anadai tena, unaona kama titi ni tupu kumbe sio. Mwili unatengeneza maziwa kadri yanavyotolewa, titi likikaa limejaa muda mrefu mwili unapunguza. Sasa mtoto akipewa glukosi au kopo anashiba analala, titi linakaa bila kunyonywa, kesho maziwa yanapungua kweli, halafu unaambiwa si nilikwambia? Yaani maziwa yalipunguzwa na kile kikombe. Na maziwa mengi kabisa huwa yanashuka kati ya siku ya 2 na ya 5, kwa hiyo usiku ule wa shangazi yangu yalikuwa ndo yako njiani. Ukubwa wa titi nao hauhusiani, wenye matiti madogo wananyonyesha vizuri tu.

Ukitaka kujua anashiba usisikilize kilio, angalia mkojo. Mimi nilikuwa nahesabu nepi za kitambaa kwenye kamba kila asubuhi: kuanzia siku ya 5 zilowe 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe sio wa njano iliyokolea, na choo kiwe kimegeuka njano. Uzito unashuka kidogo siku za mwanzo, ni kawaida, ila ukifika wiki 2 uwe umerudi ule wa kuzaliwa, utaona kwenye kadi ya kliniki. Lakini mtoto anayelala tu haamki kunyonya, hakojoi, ana homa au macho yamekuwa ya njano, huyo hospitali siku hiyohiyo usisubiri.

DHANA: Kunyonyesha lazima kuume, vumilia chuchu itazoea.

Kubana kidogo akianza kuvuta sawa, ila chuchu kupasuka na kutoa damu maana yake hajashika vizuri. Nesi mmoja alinionyesha na ndo ikawa pona yangu: tumbo la mtoto kwa tumbo lako, pua ielekee chuchu, subiri afungue mdomo mkubwa kama anapiga miayo, hapo mvute yeye aje kwenye titi, usiinamie wewe kumpelekea. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje. Ikiuma usimchomoe kwa nguvu, pitisha kidole kidogo pembeni ya mdomo aachie, uanze upya. Titi likiwa jekundu, gumu na una homa, endelea kunyonyesha na nenda ukaonwe. Na lile tumbo linalonyonga wakati ananyonya, wanaliita chango, ni kizazi kinarudi, sio ugonjwa.

DHANA: Dar joto, mpe maji hata kidogo.

Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji maji wala dawa ya chango la watoto, akiwa na kiu mpe titi.

DHANA: Ukikutana kimwili na baba mtoto utambemenda, yaani mtoto atadhoofika.

Mbegu za mwanaume haziingii kwenye maziwa, hakuna njia hiyo mwilini. Mtoto anadhoofika kwa kuharisha, kwa maradhi, kwa kuachishwa mapema. Subirini mama apone na mpange uzazi, hiyo ndo sababu ya maana ya kusubiri, na mtoto akikonda mpeleke kliniki badala ya kumtafuta wa kumlaumu.

DHANA: Mama anayelia na mtoto kapata hana shukrani, au katupiwa kitu.

Wengi wetu tunalia wiki ya kwanza, homoni zimeshuka na usingizi hakuna. Ikizidi wiki 2, huli, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto, hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Anayesikia sauti au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake, apelekwe hospitali leo. Na nyie akina baba na mashangazi, mtoto akishanyonya mchukueni mumcheulishe, mfue zile nepi, mama alale hata masaa mawili.