Ghorofa Zima, Ardhi Imegeuka Uji

Picha ninayowaonyesha kwanza wahandisi vijana ni ya Kawagishi-cho, mjini Niigata, Japani. Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko la kipimo cha 7.5 liliinamisha maghorofa ya makazi pale, moja likakaribia kulala chini kabisa. Nawaambia: tazameni kuta. Zege imeshika, nondo zimeshika. Kilichoshindwa ni mchanga ulioyabeba.

Ukiwa pwani maji yamekupwa, kanyagakanyaga mchanga mbichi mahali pamoja. Unalegea, maji yanapanda, miguu inazama. Mchanga hubeba nyumba kwa sababu punje zake zinaegemeana, na chini ya kina cha maji ya ardhini nafasi kati ya punje hizo zimejaa maji. Zikitikiswa, punje zisizoshindiliwa hutaka kubanana. Maji yangezipisha, ila kwa sekunde zile chache hayawahi kutoka, hivyo shinikizo lake hupanda hadi mzigo ukaangukia maji badala ya punje. Punje zikiachana, ardhi huwa uji.

Na kwenye uji kizito huzama, chepesi huelea. Nyumba hudidimia upande mmoja, huku matangi yaliyofukiwa na chemba za majitaka zikiibuka barabarani. Kando ya mto ni hatari zaidi, maana ardhi yenyewe huteleza kuelekea majini ikisukuma nguzo za madaraja. Daraja la Showa, hapo hapo Niigata, lilikuwa na mwezi mmoja tu tangu likamilike. Sehemu zake zilitumbukia mtoni. Christchurch, New Zealand, baada ya matetemeko ya 2010 na 2011, serikali iliamua kununua nyumba zipatazo 8,000 na kuhamisha watu, nyingi zikiwa kwenye ardhi ya namna hii.

Kwa hiyo mteja akinifungulia ramani, kabla ya nondo nauliza alichimba wapi kupima udongo. Kipimo chenyewe si cha ajabu: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, tunahesabu mapigo ya kuzamisha bomba sentimita 30. Mapigo yakiwa machache, na mchanga umejaa maji, na eneo lina matetemeko, siweki sahihi mpaka ardhi ishindiliwe, au nguzo za msingi zifike kwenye tabaka gumu.

Kawagishi-cho, baadhi ya maghorofa yale yalinyanyuliwa kwa jeki, yakawekewa nguzo chini, yakatumika tena.