Redio ya CB, ile madereva wa malori huku Marekani wanayoongea nayo barabarani, inasikia, kwa hiyo antena ni nzima? Nani kawaambia?

Wiki hii nimeambiwa tena, na dereva mzoefu kabisa: "Fundi, antena usiiguse, mbona watu wote nawasikia? Kilichokufa ni redio." Akatoa redio mpya kwenye boksi, kainunua njiani. Tukaifunga. Ikasikia vizuri sana, na hakuna aliyemjibu.

Jamani. Kusikia hakupimi antena. Redio ya CB ya kawaida inatosheka na chini ya maikrovolti moja ili ukamate maneno ya mtu. Lori lililo maili moja mbele yako linakupa zaidi ya hapo, hata msumari utalisikia. Kurusha ni kesi nyingine. Sheria ya Marekani inakupa wati 4 za AM, na zote lazima zipite kwenye plagi, waya wa antena, kitako, fimbo, halafu zipate bati la kusimamia. Sehemu moja ikigoma, wati zako zinarudi zilikotoka au zinaishia kuwa joto njiani. Kwa hiyo unayesikia vizuri ila husikiki, wewe ndiye hasa ninayekimbilia antena yako. Au maiki, nitafika huko.

Madogo niyapitie haraka. Swichi ya PA ikiwa imeguswa na goti, redio inageuka kipaza sauti na hewani hutoki. Skwelchi, kile kitufe cha kukata kelele, ikifungwa mpaka mwisho, kimya. Spika ya nje ikiwa mbovu, kimya. Fyuzi ikikatika, badilisha. Ikikatika tena palepale, mtu aligeuza waya mwekundu na mweusi, na dayodi ya ulinzi imejitoa mhanga. Dayodi ni senti chache. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi unaunguza bodi nzima, na karatasi ya sigara badala ya fyuzi usinitajie kabisa. Na mnaopeleka redio nyumbani kumfungia mjomba: malori mengi ya Kenya na Tanzania ni volti 24, redio hizi ni za 12. Bila kipunguza volti umempelekea moshi.

Redio ambayo taa zinawaka lakini hairushi wala haipokei, weka bisibisi chini, angalia maiki kwanza. Redio nyingi hupitisha usikivu wake kwenye swichi ya maiki. Ukichomoa maiki, hata kelele huzisikii. Waya mmoja ukikatika ndani ya ule mkia uliojiviringisha, hasa pale shingoni karibu na plagi, unapata kimya hichohicho. Upinde pole pole huku redio imewaka, utasikia inakohoa. Kuazima maiki ya mwenzako ni sawa, ila pini nne kwa pini nne hazimaanishi nyaya zimepangwa sawa. Uliza kwanza.

Sasa antena. Kwenye breketi ya kioo cha pembeni, antena inapofungwa, kuna washa ndogo nyeupe ya nailoni, inayokaa kama kifungo cha shati kwenye tundu la breketi. Kazi yake ni kutenganisha ule msumari wa katikati na bati. Naikuta imepasuka, imewekwa upande usio wake, au imebaki kwenye boksi. Hapo katikati na ethi, yaani bati la gari, vimeshikana, na redio inarushia ukuta. Toa fimbo, chomoa waya nyuma ya redio, pima kwa maltimita kati ya pini ya katikati na ganda: pakilia, tafuta washa hiyo, au nyuzi za wavu wa waya zilizochomoza ndani ya plagi, au mahali mlango ulipoubana waya.

Kisha breketi yenyewe iwe na ethi. Milango mingi siku hizi ni plastiki au faiba, na breketi inaning'inia tu. Robo ya wimbi la CB ni karibu mita 2.7, fimbo yako fupi iliyozungushiwa koili inahitaji bati chini yake ili ifanye kazi. Kwangua rangi, vuta mkanda wa shaba mpaka kwenye chesesi.

Halafu kuna hili la SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, linaloniumiza kichwa. Watu wanatafuta 1.1 kama wanatafuta cheti. Kwenye 1.5 asilimia 4 tu ya nguvu inarudi. Kwenye 2, kama 11. Kwenye 3, robo, na hapo ndipo transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenda antena, inaanza kuwa hatarini. Chini ya 2, endesha gari. Tena SWR nzuri inaweza kuwa uongo mtupu: waya uliooza kwa maji unakula nguvu ikienda na ikirudi, mita inabaki inatabasamu. Toa fimbo, pima SWR kwa analaiza, kile kifaa cha kupimia antena. Namba isipopanda juu sana, tupa waya huo. Vinginevyo pima chaneli ya 1, ya 19 na ya 40: ikiwa juu kwenye 1, fimbo ni fupi, ikiwa juu kwenye 40, ni ndefu.

Antena mbili? Vitabu vinataka zitengane karibu robo ya wimbi, na upana wa kichwa cha lori hautoshelezi vizuri. Kwa hesabu hakuna faida ya maana. Lakini nimeona malori yakisikika vizuri zaidi nazo, hasa trela refu linapoziba upande mmoja. Mimi nafunga moja, ukinibishia sikugombezi sana.

Na usiniambie habari za linea, kikuza nguvu cha kurushia, ya wati mia. Ni kosa kisheria, na antena mbovu ukiipa wati mia inaungua haraka zaidi. Unayeendesha barabara kuu ya I-80 kupita jimbo la Wyoming majira ya baridi, barabara inafungwa na simu haina mtandao, chaneli ya 19, ile ya madereva wa malori, inakuhusu. Basi ukija kwangu leta lori zima, usije na redio peke yake kwenye mfuko.