Neno "charge" na mizigo lililobeba

Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "The lodge charged us" na "The buffalo charged us." Mpangilio ni uleule na kitenzi ni kilekile. Ya kwanza inasema hoteli ilitutoza pesa. Ya pili inasema nyati alitujia mbio akitaka kutuua. Kilichobadilika ni mtenda tu. Sasa weka polisi: "The police charged him" maana yake walimfungulia mashtaka, lakini "The police charged the crowd" maana yake waliuvamia umati. Hapa hata mtenda habadiliki, anayebadilika ni mtendwa.

Ndiyo maana huwa nasema usikariri tafsiri moja ya "charge". Shika kwanza shina lake. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa kwenye Kilatini "carricare", yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. "Car" na "cargo" ni ndugu zake. Basi betri hupakiwa umeme, bunduki za zamani zilipakiwa baruti, mteja hutwishwa malipo, mtu hubebeshwa kosa, na muuguzi hukabidhiwa wodi nzima. Kiarabu kimepita njia hiyohiyo: "shahana" ni kupakia, shehena yetu imetoka huko, na wenzetu walio Muscat au Dubai wanajua kwamba chaja ya simu huitwa "shahin". Nyati ndiye anayekaa mbali kidogo na picha hii ya mzigo. Nitamrudia.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndipo neno linapotumika zaidi. Mpangilio ni huu: "charge", kisha mtu, kisha kiasi, kisha "for" na huduma. "The barber charged me 5,000 shillings for a haircut." Kwa bahati nzuri kutoza kwetu kunakwenda vivyo hivyo: kinyozi alinitoza shilingi 5,000 kwa kunyoa. Makosa huja pale "for" inapowekwa mbele ya kiasi, "charged me for 5,000", au inapobadilishwa kuwa "with". Ukisema "he charged me with" msikilizaji anangoja jina la kosa, si idadi ya shilingi.

Angalia pia ni nani anayefanya. Anayetenda "charge" ni mwenye huduma. Shati halichaji. "This shirt charges 20,000" si Kiingereza. Shati hutumia "costs", mnunuzi hutumia "pays", muuzaji ndiye "charges". Kwa hiyo fundi utamwuliza "How much do you charge?", lakini ukishika nyanya sokoni utauliza "How much are these?"

Maneno yanayokaribiana nalo yana mipaka yake. "Price" ni bei ya bidhaa. "Fee" ni ada: ya wakili, ya usajili, ya shule, ambayo Kenya huitwa karo. "Fare" ni nauli, "rent" ni kodi ya nyumba, "fine" ni faini. "Charge" kama nomino ni pesa ya huduma, mara nyingi ile inayoongezwa juu ya bei au kukatwa kwenye akaunti yako. Kwa "charges" za benki na za kutuma pesa kwa simu, neno zuri la Kiswahili ni makato. Tozo naliacha kwa "levy", pesa inayoamriwa na serikali, kama ile iliyowekwa Tanzania kwenye miamala ya simu mwaka 2021. Tofauti ina maana: makato huenda kwa kampuni inayokuhudumia, tozo huenda serikalini. Mwandishi anayeyachanganya anamfanya msomaji amlaumu asiyehusika. Kwenye bili ya umeme Kenya utaona "Fuel Energy Charge". Hiyo itafsiri kwa kusema kinacholipiwa, yaani gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme. "Chaji ya mafuta" haimwambii mtu chochote.

"Free of charge" ni bure, na haina "s" mwishoni. "Charge it to my room" ni kuomba bili iandikwe kwenye chumba ulichopanga hotelini.

Mahakamani ndipo kosa la tafsiri linapoweza kumuumiza mtu. Kiswahili kina kitenzi kimoja kipana, kushtaki. Mtoto humwambia mwenzake "nitakushtaki kwa baba", jirani anayegombania mpaka wa shamba anasema "nitakushtaki", na Jamhuri nayo humshtaki mwizi. Kiingereza kina vitenzi vitatu hapo. Mtoto atasema "I'll tell Dad." Jirani mwenye madai yake ya shamba atasema "I'll sue you." Ni dola tu, kupitia polisi au waendesha mashtaka, inayosema "charge", na kihusishi chake ni "with": "She was charged with theft."

Hapo "accuse" inaingia pia, na kihusishi chake ni "of". Kutuhumu anaweza yeyote, hata kijiweni, bila karatasi. "Charge" ni hatua rasmi yenye hati ya mashtaka, na hati hiyo ina mambo mawili ya msingi: jina la kosa lenyewe pamoja na kifungu cha sheria, halafu maelezo yake, yaani nani, lini, wapi, alifanya nini. Shtaka mojawapo kati ya mengi huitwa "count", kwa hiyo "three counts of forgery" ni mashtaka matatu ya kughushi. Mtu aliyekamatwa tu bado hajawa "charged". Ni mshukiwa, au mtuhumiwa. Akishasomewa hati ni mshtakiwa, na akitiwa hatiani ndipo Kiingereza kinasema "convicted". Mara nyingi naona "was charged" ikiandikwa "amepatikana na hatia". Huo ni uonevu kwa mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa.

Tukitoka mahakamani tuingie wodini. "In charge" limeingia Kiswahili cha hospitali kama inchaji: inchaji wa wodi, inchaji wa zahanati. Cheo rasmi Tanzania ni mfawidhi, kama mganga mfawidhi, na mahakamani kuna hakimu mfawidhi na jaji mfawidhi. Nalipenda sana neno hili na natamani litoke maofisini lifike mitaani. Ukiandikia wasomaji wa nje ya Afrika Mashariki, epuka "she is the incharge" na uandike "she is in charge" au "the nurse in charge". Halafu kuna neno dogo linalogeuza kila kitu. "The nurse is in charge of the child": muuguzi ndiye mwangalizi. "The child is in the charge of the nurse": mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Hiyo "the" ya katikati ndiyo inayohamisha madaraka. Ukiisahau, umempa mtoto wodi.

Kwenye simu tunasema "simu haina chaji", na wengi hulitafsiri moja kwa moja, "my phone has no charge". Utaeleweka, ila wenye lugha husema zaidi "my battery is dead" au "my phone has died". Pia mitaani tunaita kifaa chenyewe chaji, "niazime chaji", lakini Kiingereza kinataka "charger", yaani chaja. Simu iliyo kwenye umeme ni "charging", iliyojaa ni "fully charged". Namba iliyoandikwa kwenye betri, tuseme 5,000 mAh, ni kipimo cha chaji yenyewe kama wanafizikia wanavyoielewa: mkondo wa ampea 5 kwa muda wa saa moja, sawa na koulombi 18,000, koulombi ikiwa ndiyo kizio cha chaji. Mzigo halisi, unaopimika.

Sasa nyati. "Charge" ya mnyama ni kukujia mbio moja kwa moja kwa nia ya kushambulia. Waongoza watalii hutofautisha na "mock charge", shambulio la kutishia: tembo anatanua masikio, anapiga kelele, anakuja kwa kishindo kisha anasimama kabla hajakufikia. Yule aliyelaza masikio nyuma na kukunja mkonga anachukuliwa kuwa amedhamiria. "Attack" si kisawe kamili hapa. "Charge" ni ile mbio ya kukujia, "attack" inaweza kuwa pigo lenyewe.

Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaita rehani "charge", wakati sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaiita "mortgage". Ukimaliza mkopo Kenya unahitaji "discharge of charge", hati ya kuondoa rehani, nayo lazima isajiliwe. Ukilipa shilingi ya mwisho bila kuisajili, anayepekua daftari la ardhi bado atalikuta shamba lako limefungwa na benki, na mnunuzi atasita.

"Discharge" hiyo ni kupakua, na inatembea kila mahali mama yake alikopita. Mgonjwa "discharged" ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mshtakiwa "discharged" ameachiwa, ingawa mara nyingine anaweza kushtakiwa tena, tofauti na "acquitted", aliyeonekana hana hatia. Betri "discharged" imeisha moto. Lakini ukisoma "discharge" kwenye cheti cha kliniki, pembeni ya neno kidonda, sikio au uke, usiandike ameruhusiwa: ni usaha au majimaji yanayotoka, na daktari anataka kujua rangi yake, harufu yake na yameanza lini.